Deni Lililofichika Ndani ya Disketi



Maiti ana haki juu ya walio hai, na miongoni mwa haki hizo ni kulipiwa deni lake kabla warithi hawajagawana chochote. Rafiki yetu mmoja, aliyekaa miaka mingi hapa Riyadh katika mtaa wa Sulimaniyah, alipofariki aliacha wasia uliosema kwamba deni la mwenye duka wa Sulimaniyah limeelezwa katika barua zake. Barua zenyewe hazikuwamo kabatini. Zilikuwa ndani ya disketi 9, zimeandikwa kwa programu ya WordStar katika kompyuta kuukuu ya MS-DOS.

Watoto walikwisha kubisha hodi duka hadi duka mtaani, wasimpate anayedai. Mjane akatuita akasema, "Shemeji, sitaki mtu amdai mume wangu naye yumo kaburini."

Jambo la kwanza lilikuwa kuzilinda disketi. Disketi ya inchi 3.5 ina kidirisha pembeni. Kikiachwa wazi, kompyuta husoma tu, haiwezi kuandika juu yake. Ile ya inchi 5.25 huzibwa pengo lake kwa karatasi ya gundi. Baada ya hapo tulinakili faili zote katika diski ya ndani, tukafanyia kazi nakala.

Majina ya faili hayakutufaa kitu. MS-DOS huruhusu herufi 8, na 3 baada ya nukta. Marehemu aliziita BARUA1, BARUA2, na kuendelea hivyo hadi kupita 200. Tarehe nazo zilituhadaa: kompyuta ambayo betri ya saa yake imekufa huanza kuhesabu tangu 1 Januari 1980, hata kama barua inataja mambo ya 1993. Ikabidi tutafute ndani ya maandishi yenyewe.

MS-DOS ina amri iitwayo FIND. Ukiandika FIND /N "deni" BARUA1 utaonyeshwa kila mstari wenye neno hilo pamoja na nambari yake. Amri hii haikubali alama ya nyota kwa faili nyingi, basi huzungushwa hivi: FOR %F IN (*.*) DO FIND /N "deni" %F.

Tulijaribu, na hatukupata kitu. Tukadhani barua zimeharibika, kumbe sivyo. WordStar ya zamani ilikuwa na desturi ya kuibadili kwa siri herufi ya mwisho ya maneno katika aya ilizozipanga. Machoni pa mwandishi neno ni "deni". Ndani ya diski ile "i" ya mwisho ina namba nyingine kabisa. Dawa yake ni kuacha herufi ya mwisho, utafute "den". Hapo mistari ikaanza kumiminika, ikiwemo ya "denge" ambayo hatukuihitaji.

Mtego wa pili ulikuwa jina la mtaa. Neno hilo la Kiarabu likiandikwa kwa herufi za Kirumi huwa Sulimaniyah, Sulaimaniyah au Sulaymaniyah. Tukachukua kipande kisichobadilika, "maniy". Tungefupisha zaidi, tukatafuta "man", zingetufurikia amani, imani na thamani.

Kipande hicho kikatuletea barua mbili. Ya kwanza ilisema amekopa riyali 4,000 kwa mwenye duka wa Sulaymaniyah. FIND huonyesha mstari mmoja tu, nasi tukaifungua barua nzima tukasoma ya juu na ya chini yake. Kumbe aliiandika akiwa Jeddah, baada ya umra! Huko pia upo mtaa wenye jina hilo, ndipo ilipo leo stesheni ya treni ya Haramain iliyofunguliwa 2018. Watoto walikuwa wakibisha hodi katika mji usio wake.

Likabaki swali: je, alilipa? Kiswahili chetu hubadilisha mwanzo na mwisho wa neno, basi anayetafuta "lipa" hataona "malipo" wala "tumlipe". Tukatafuta mzizi, "lip", kama Muhammad Fuad Abdul Baqi alivyopanga kwa mizizi faharasa yake ya maneno ya Qur'ani. Lakini "lip" imo pia katika "nilipofika" na "alipokuja". Tukaunganisha amri mbili: FIND "lip" BARUA88 | FIND "riyal", tukabakiwa na mistari yenye vyote viwili. Humo alimweleza mkewe kwamba amekwisha kulipa riyali 1,500.

Zilibaki 2,500. Mtoto mkubwa alisafiri Jeddah. Mwenye duka naye alikwisha kufariki, bali wanawe walikuwepo, na daftari la baba yao lilikuwa na hesabu ile ile. Wakalipwa mbele ya mashahidi, ndipo mirathi ikagawanywa.

Ndugu wasomaji, aya ya 282 ya Suratul Baqara imetufundisha kuandika deni na kuweka mashahidi. Marehemu wetu aliandika, Mungu amrehemu, lakini aliandika mahali ambapo wanawe hawakujua kusoma. Mwenye disketi za wazee wake na azinakili kabla hazijaoza. Na mwenye deni aliandike pia katika karatasi, ataje mji, mtaa na jina la anayemdai.

Wabillahi tawfiq.