Nyimbo za Noeli Jijini Nairobi: Mkazo wa Maneno na Mapenzi ya Waimbaji

Katika mtaa wa Satellite, kando ya Barabara ya Naivasha baina ya Kawangware na Riruta, dalili ya kwanza ya Krismasi si taa za rangi madukani. Ni sauti za wanakwaya wakifanya mazoezi jioni, wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe. Mazoezi hayo yana haraka ya aina yake, kwa sababu Nairobi ni jiji linalohama. Ifikapo tarehe 23 Disemba, sehemu kubwa ya sauti za besi huwa tayari imo ndani ya mabasi yaelekeayo Kakamega, Kisii au Machakos, na kiongozi wa kwaya hubaki akihesabu waliosalia. Pamoja na hayo, nyimbo zenyewe ni zile zile mwaka baada ya mwaka. Makala haya yanachunguza sababu za nyimbo hizo kupendwa, hasa zilizotafsiriwa, ilhali mwanafunzi wa fonolojia ya Kiswahili angezitarajia zichukize masikio.

Majina yenyewe yana historia. Mkatoliki husema Noeli, naye Mwanglikana au Mpresbiteri husema Krismasi. Neno la kwanza limetokana na Kifaransa, ambacho nacho kililirithi kutoka Kilatini, na lilipitia kwa wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu, wengi wao Wafaransa, waliotangulia Zanzibar na Bagamoyo kisha wakaanzisha misheni ya Mtakatifu Austin magharibi ya Nairobi mwaka 1899. Neno la pili ni la Waingereza. Kwa upande wao, ibada ya Kiswahili ilijengewa msingi Unguja na Edward Steere, yule yule wa kitabu cha sarufi cha mwaka 1870 ambacho kila mwanafunzi wa isimu ya Kiswahili hukutana nacho. Jiwe la msingi la Kanisa Kuu la Kristo, mahali palipokuwa na soko la watumwa, liliwekwa siku ya Krismasi ya mwaka 1873.

Utata wa nyimbo zilizotafsiriwa uko katika mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na maneno yake mengi yana silabi mbili au zaidi. Kiingereza na Kijerumani vimejaa maneno ya silabi moja, hivyo mstari wa wimbo waweza kumalizikia kwenye silabi nzito bila taabu. Mtunzi wa muziki huiweka hapo nota ndefu. Mfasiri wa Kiswahili anapofika mahali hapo huwa hana neno zito la kuweka: kila neno lake huishia kwa silabi nyepesi.

Mfano mzuri ni wimbo ujulikanao zaidi kuliko yote, "Stille Nacht". Maneno yake yaliandikwa na padri Joseph Mohr mwaka 1816, na muziki ukatungwa na mwalimu Franz Xaver Gruber. Uliimbwa mara ya kwanza tarehe 24 Disemba 1818 katika kanisa la Mtakatifu Nikolasi huko Oberndorf, karibu na Salzburg nchini Austria, kwa kusindikizwa na gita. Mwendo wake ni wa kubembeleza, kama mama atikisaye mtoto. Sauti ya kwanza ni nzito, kisha hufuata nyepesi, halafu hutulia kwenye nota ndefu iliyokusudiwa neno "Nacht", lenye silabi moja tu. Sasa mfasiri aanze na neno "usiku". Lina silabi tatu, na mkazo wake uko kwenye "si". Wimbo, hata hivyo, huipa nguvu "u" na huirefusha "ku", huku "si" ikipitwa kana kwamba haina maana. "Mtakatifu" nalo lina silabi tano, ya kwanza ikiwa ni ile "m" isiyo na irabu inayodai nota yake, nazo kwaya nyingi huimeza.

Kwa kanuni za darasani hilo ni kosa. Mbona basi halimkeri mwimbaji? Jibu lafaa kutafutwa katika ushairi wa Kiswahili wenyewe. Anayeghani utenzi au shairi huivuta silabi ya mwisho ya mstari, ile ibebayo kina, hata ikiwa katika mazungumzo ni nyepesi kabisa. Sikio la Mswahili limezoea kwa karne nyingi kwamba irabu ya mwisho yaweza kurefushwa pasipo neno kuharibika. Kwa hiyo nota ndefu ya Gruber iliyodhaniwa kuwa adui ilikuta kiti kimeshaandaliwa.

Hali kadhalika "Joy to the World". Isaac Watts alipouchapisha mwaka 1719 hakukusudia uwe wimbo wa Krismasi. Alikuwa akiitafsiri upya Zaburi ya 98, na ujio anaousema unahusu utawala wa Bwana kuliko kuzaliwa kwake. Msemo wa kwanza wa muziki wake hushuka ngazi nzima, kutoka do ya juu hadi do ya chini, nota nane kwa silabi nane. Mizani nane ni kipimo ambacho mtunzi yeyote wa tenzi angekitambua mara moja. Isitoshe, mafunzo ya solfa ya John Curwen, yaliyoenezwa na wamisionari na yanayotumiwa hadi leo katika kwaya za Nairobi, humfanya mwimbaji asiyesoma nota za mistari aujue wimbo huo baada ya kuusikia mara moja. Ngazi ya sauti ndilo somo lake la kwanza.

Sababu nyingine ni msamiati. Mtoto wa Kawangware au Kangemi hutumia Sheng tangu asubuhi hadi jioni, na neno "hori" hana pa kulitumia. Katika nyimbo za Noeli hukutana nalo likiwa chombo cha kulishia ng'ombe, sawa na lilivyo katika tafsiri ya Biblia ya mwaka 1952. Wa pwani, ambaye kwake hori ni mkono wa bahari au aina ya mtumbwi, huenda akapata picha tofauti kabisa ya kuzaliwa kwa Masihi. Pamoja nalo huja "sujudu", "nderemo", "enzi" na vitenzi vilivyofungwa viambishi vya kale. Mtoto huyo huyaimba kwa moyo kabla ya kuyaelewa, naye akifika kidato cha tatu huyakuta katika ushairi kama majirani wa zamani.

Haipaswi kufichwa kwamba nyimbo hizi zina washindani. Katika matatu na maduka makubwa ya jiji husikika zaidi Boney M., ambao mwaka 1978 walivuma kwa "Mary's Boy Child", wimbo uliotungwa na Jester Hairston na kuimbwa na Harry Belafonte mwaka 1956. Husikika pia "Jingle Bells" ya James Pierpont, ya mwaka 1857, inayosifu theluji na gari la farasi kwa abiria wanaotokwa na jasho kwenye foleni.

Mshindani wa maana zaidi ni wimbo uliotungwa kwa Kiswahili tangu mwanzo. Hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuhusu liturujia, ya Disemba 1963, ilifungua mlango kwa lugha za wenyeji na muziki wao. Ngoma na kayamba ziliingia kanisani, na watunzi wa Kenya na Tanzania wakaanza kuandika nyimbo za Noeli ambazo sauti yake hufuata mkazo wa neno, zikiwa na kiitikio kifupi kinachopokewa na umati wote. Katika misa ya Kiswahili nyimbo hizi ndizo zinazoamsha vigelegele. Kiufundi ni bora, na hakuna haja ya kulionea haya jambo hilo.

Hata hivyo hazijazifukuza zile za kale, kwa kuwa kila moja ina saa yake. Za ngoma huletwa wakati wa utukufu na wa vipaji. Za kale huimbwa baada ya komunyo, kanisa likiwa kimya. Kinachozitishia tafsiri za Kiswahili ni Kiingereza. Vijana wengi wa jiji huyajua maneno ya Kiingereza ya nyimbo hizo kutoka kwenye simu zao, na beti za Kiswahili huwapotea baada ya ule wa kwanza. Kwaya nyingine zimepata suluhu ya nusu njia: ubeti wa kwanza Kiingereza, wa pili Kiswahili, wa tatu Kikikuyu, Kiluhya au Kijaluo, kwa kutegemea nani amebaki mjini. Ubeti wa pili ndipo wazee wanapofunga vitabu na kupaza sauti, nao vijana wakainamia karatasi.