Mrushaji Mkongwe Anapohamishiwa Akiba

Takriban kila msimu wa besiboli nchini Marekani huzuka mjadala uleule. Timu ina mrushaji mkongwe aliyezoea kuanza mechi, mkono wake umepungua makali, na kocha anafikiria kumhamishia kwenye kundi la warushaji wa akiba, wale wanaosubiri pembeni mwa uwanja mpaka waitwe mechi ikiwa imeshachanganya. Mashabiki husema ameshushwa cheo. Msomaji aliyezoea soka naye atasema jamaa kapigwa benchi. Kwa maoni yangu wote wanakosea, kwa kuwa wanatazama heshima ya nafasi na kusahau kazi inayofanyika ndani yake. Kurusha mwanzoni mwa mechi na kurusha mwishoni ni kazi mbili tofauti, na mtu anaweza kuishiwa uwezo wa ile ya kwanza huku wa ile ya pili akiwa nao tele.

Tuanze na hesabu. Mechi ina vipindi 9, na katika kila kipindi timu inayorusha hutakiwa kuwatoa wapigaji 3. Upande wa pili una wapigaji 9 wanaopokezana kwa mpangilio uleule mechi nzima. Mrushaji anayeanza hutarajiwa kwenda vipindi 5 au 6, akiwa na siku njema hata 7, kwa mirusho inayokaribia 100, kisha apumzike siku kadhaa kabla zamu yake haijafika tena. Vipindi 6 ni wapigaji 18 wa kutolewa. Ongeza wale watakaofanikiwa kufika kwenye vituo, utapata kama 24. Maana yake kila mpigaji atakutana naye mara mbili, na wengi wao mara ya tatu. Hapo ndipo mambo huharibika. Takwimu za ligi kuu za Marekani zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba wapigaji humpiga mrushaji vizuri zaidi katika mzunguko wa pili kuliko wa kwanza, na katika mzunguko wa tatu vizuri zaidi ya hapo. Wachambuzi wanabishana kama chanzo ni uchovu wa mrushaji au ni macho ya mpigaji kumzoea, lakini kwa kocha matokeo ni yaleyale. Mpira unatoka mita 18.44, na ukirushwa kwa kilomita 150 kwa saa humfikia mpigaji chini ya nusu sekunde. Lazima aanze kukisia kabla hajauona vizuri, na kila anavyozidi kumwona mrushaji yuleyule ndivyo kukisia kunavyozidi kuwa rahisi. Kijana mwenye kasi na aina nne za mirusho huweza kumficha mwenzake kwa saa mbili. Mkongwe aliyebakiwa na aina mbili za kuaminika anaweza kumficha mara moja, labda mbili, basi.

Kwenye akiba, mara moja hiyo inatosha. Anaitwa, anakabili wapigaji watatu hadi watano, kila mmoja mara moja tu, anatumia aina zake mbili bora za mirusho na hana haja ya kubana nguvu kwa ajili ya kipindi cha sita. Zaidi ya hayo kocha humchagulia wakati, akamwepusha na wapigaji wanaomsumbua.

Mfano ambao kila mtu huutaja ni Dennis Eckersley, na unatajwa kwa haki. Alianza mechi kwa zaidi ya muongo mmoja. Mwaka 1977 alimaliza mechi nzima bila mpigaji yeyote kupata pigo salama la kumfikisha kituoni, na mwaka 1978 alishinda mechi 20 akiwa na Boston. Kufikia 1987 alipohamia Oakland, akiwa na umri wa miaka 32, wengi waliona ameisha. Kocha Tony La Russa akampeleka akiba, kisha akamkabidhi kipindi cha mwisho. Tazama msimu wa 1990: alilinda ushindi wa timu yake mara 48, na katika msimu huohuo alipigwa mapigo salama 41 na kutoa njia ya bure kwa wapigaji 4. Jumla ni 45. Yaani idadi ya mechi alizozilinda ilizidi idadi ya watu waliofika kituoni kwa mapigo au kwa njia ya bure. Mwaka 1992 akapewa tuzo ya Cy Young ya mrushaji bora na pia ile ya mchezaji bora wa ligi yake, na mlango wa Jumba la Mashujaa huko Cooperstown ukamfungukia mwaka 2004.

Kuna pingamizi moja zito, nalo limebebwa na mtu mwenye sifa kama hizo. John Smoltz wa Atlanta alifanyiwa upasuaji wa ligamenti ya kiwiko mwaka 2000, akarudi na muda si mrefu akawa mrushaji wa akiba, na mwaka 2002 akalinda ushindi mara 55. Ukiishia hapo utadhani amethibitisha hoja yangu. Lakini mwaka huo alirusha vipindi 80 tu. Aliporudishwa kuanza mechi mwaka 2005, akiwa na miaka 38, alirusha vipindi 229 na kushinda mechi 14. Mrushaji hodari anayekupa vipindi karibu mara tatu ni mali kubwa kuliko yuleyule akikupa kimoja kimoja, hata kama hicho kimoja ni cha jasho na presha. Hilo nalikubali. Kwa hiyo hoja yangu haiwahusu wakongwe wote, inamhusu anayeanza vizuri na kuporomoka mzunguko wa tatu. Anayepigwa tangu mpigaji wa kwanza, akiba haitamponya. Ambaye bado anamudu vipindi 6 kwa utulivu, kumhamisha ni kuchezea mali.

Kuna pia hatari ya kudanganywa na sampuli ndogo. Tim Lincecum wa San Francisco, mshindi wa Cy Young mwaka 2008 na 2009, alikuwa na msimu mbaya mno mwaka 2012. Timu ilipoingia hatua za mtoano akatumika zaidi akiba, akawanyamazisha wapigaji, na San Francisco ikatwaa ubingwa. Mwaka uliofuata walimrudisha kuanza mechi. Katika mechi moja ya Julai hakuruhusu pigo salama hata moja, ingawa msimu kwa jumla ulikuwa wa kawaida. Wiki chache za mtoano wa Oktoba 2012 zilionyesha kwamba anaiweza kazi ile. Hazikutosha kuonyesha kwamba ndiyo kazi yake.

Mwili nao una masharti yake. Anayeanza anajua siku na saa ya kupasha mkono moto. Wa akiba huweza kusimama, kupasha, kuketi, kisha kusimama tena bila kuitwa. Kiwiko cha miaka 35 hakifurahii hayo, na kocha anayemhamisha mkongwe bila kumpangia siku za mapumziko anaharibu alichotaka kukiokoa.

La mwisho ni pesa, na hapa wachezaji wana haki ya kulalamika. Kenta Maeda alipotoka Japani kwenda Los Angeles Dodgers mwaka 2016, alisaini miaka 8 kwa dola milioni 25 za uhakika, na nyongeza kubwa zilizotegemea idadi ya mechi atakazoanza na vipindi atakavyorusha. Kila alipopelekwa akiba, mfuko wake ulipungua, na katika mtoano wa 2017 kazi hiyo ya akiba aliifanya vizuri kupindukia. Klabu inayoamini kwamba akiba ni kazi kamili, isiyo adhabu, iandike hivyo kwenye mkataba. Maeda alihamishiwa Minnesota mwaka 2020, akarudishwa kuanza mechi, na katika kura za Cy Young za ligi yake mwaka huo akashika nafasi ya pili.