Kuhasi Mbwa kwa Bei Nafuu: Kwa Nini Tulipe Sote?

Mkulima, huenda unajiuliza mbwa wa Kibera na Kawangware, huko Nairobi, wanakuhusu nini wewe mwenye ng'ombe na kondoo wako katika skimu. Wanakuhusu. Mbwa wa mjini na mbwa wako huzaana kwa namna moja, huugua ugonjwa mmoja, na njia ya kuwapunguza ni moja.

MBWA HUONGEZEKAJE?

Jike huanza kupata joto akiwa na umri wa miezi 6 hivi. Hubeba mimba kwa siku 63 hivi, na aweza kuzaa mara 2 kwa mwaka. Akizaa watoto 5 kila mara, hao ni 10. Kibera na Kawangware nyumba zimesongamana, ua ni chache, na chakula kimejaa majalalani. Mbwa mwenye bwana wake na mbwa asiye na mtu hula pamoja na hupandana.

HATARI YAKE

Hatari kubwa ni kichaa cha mbwa. Mtu akishaonyesha dalili zake, ni nadra sana kupona. Ng'ombe akishaonyesha dalili naye hufa. Chanjo huzuia ugonjwa huu, lakini yapasa mbwa 70 katika kila 100 wawe wamechanjwa. Mwaka 2014 Serikali ya Kenya ilitoa mpango wa kumaliza vifo vya watu kwa ugonjwa huu ifikapo 2030.

Sasa fanya hesabu. Umechanja mbwa 70 katika 100. Wakizaliwa 40 wasiochanjwa, unao 70 katika 140, yaani nusu tu. Watoto hao ni kama maji yaliyotiwa katika maziwa. Ndiyo maana chanjo na kuhasi huenda pamoja.

Wengine husema, "Waueni." Njia hiyo imejaribiwa nchi nyingi, na ugonjwa haukwisha. Chakula kikibaki jalalani, mbwa wengine huja kutoka kando, nao hawana chanjo.

KAZI INAVYOFANYWA

Shirika la KSPCA, ambalo asili yake ni ya mwaka 1910 na makao yake yako Karen, limekuwa likipeleka huduma ya kuhasi na kuchanja katika mitaa kama Kibera na Kawangware. Dume hutolewa mapumbu. Jike hufungwa uzazi kwa kupasuliwa. Kazi hii hutaka daktari wa mifugo, dawa ya usingizi, uzi na dawa ya kidonda. Mtu anayeishi kwa kibarua cha siku hawezi kulipia hayo kabla ya kununua unga.

Shirika hilo hutegemea michango. Michango huja na kukatika, lakini jike hangoji.

RUZUKU NI NINI?

Ruzuku ni fedha za umma zinazotolewa ili mwenye mbwa alipe kidogo au asilipe kabisa. Kwa nini sote tulipe? Kumbuka josho. Ng'ombe wa jirani asipooshwa, kupe wake huvuka na kuingia kwako. Mbwa naye haujui mpaka wa shamba.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limewapa kaunti kazi ya kudhibiti wanyama na kuwatunza, pamoja na leseni za mbwa. Kwa hiyo ombi lako lipeleke kwa kaunti.

Ruzuku iliyopangwa vizuri huwa hivi:

1. Humaliza sehemu moja kabla ya kwenda nyingine.
2. Kila mbwa anayehasiwa huchanjwa siku hiyohiyo.
3. Mbwa hutiwa alama, na hesabu husomwa mbele ya watu.

Nchi ya Bhutan ilianza mwaka 2009, ikafuata kazi hii mwaka baada ya mwaka kwa msaada wa shirika la kigeni. Mwaka 2023 ilitangaza kwamba mbwa wake wote wa mitaani wamehasiwa. Siri yake ni kutoacha katikati.

UFANYE NINI SASA?

Nenda kwenye mikutano ya bajeti ya kaunti. Makadirio hufikishwa kwenye bunge la kaunti kabla ya Aprili 30, basi sema mapema. Shauriana na Bwana Mifugo, mwende na wenzako wa skimu. Sauti moja husahaulika upesi.

Wakati unangoja, chanja mbwa wako afikapo miezi 3, kisha kila mwaka. Mfungie jike apatapo joto. Fukia matumbo ya mnyama uliyemchinja, usimpe mbwa mabichi, maana humtia minyoo inayoweza kurudi kwa kondoo wako na watoto wako.

Na mtu akiumwa na mbwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, umpeleke hospitali siku iyo hiyo. Usingoje kuona kama mbwa ni mgonjwa.