Seva yangu ya Nyunzu: kwa nini Kalemie haifunguki

Mchango mlionipa ulikuwa wa kuweka seva kwangu Nyunzu, ili wadogo zetu wa Kalemie nao wasome maswali ya Exetat ya miaka iliyopita. Mpaka leo kule haifunguki. Naeleza sababu, ili mwingine asipoteze pesa.

Seva ni ordinatere yoyote yenye programu ya kujibu mtu anapoomba ukurasa. Miye niko na Raspberry Pi, inakula kama wati 5. Kwa saa 24 ni wati-saa 120. Batri ya volti 12, ampea-saa 50, inabeba wati-saa 600. Ukitumia nusu tu ili isife mapema, unapata siku mbili bila jua. Basi umeme haukuwa shida.

Hapa nyumbani ukurasa ulifunguka. Nikapigia mdogo wangu Kalemie. "Yaya, haifunguki." Siku tatu nikashinda nabadilisha mipangilio, mega zinaisha. Kumbe mashine haina kosa. Shida ni adresi.

Adresi za intaneti za aina ya zamani, IPv4, ni kama bilioni 4.3 tu, na mafungu ya mwisho yaligawiwa kwa kanda za dunia mwezi wa pili 2011. Kwa hiyo wateja wengi wa simu wanawekwa nyuma ya adresi moja. Ni kama paseli yenye nyumba nyingi na geti moja. Ukituma mtoto dukani, mlinzi amemuona akitoka, akirudi anamruhusu. Lakini mgeni anayekuja mwenyewe, mlinzi hajui anatafuta nyumba gani. Anamrudisha.

Ukitaka kujua kama na weye uko hivyo, linganisha adresi ambayo ruta yako imepewa na ile tovuti za nje zinayoona. Zikitofautiana, uko nyuma ya geti. Tangu 2012, adresi za kuanzia 100.64 mpaka 100.127 zimetengwa kwa kazi hiyo.

Njia ziko tatu. Kwanza, kulipia adresi yako peke yako, kama kampuni inaitoa. Pili, seva itoke yenyewe, ishike laini wazi na mashine ya kukodi yenye adresi ya hadhara, wageni wapitie mule. Lakini kila ukurasa unaosomwa Kalemie unakula mega za Nyunzu. Tatu, kuacha intaneti: ruta inatoa Wi-Fi, wa karibu wanasoma bure. Hata Wikipedia ya Kiswahili inaingia, kwa programu ya Kiwix.

Nimeanza na ya tatu. Kila jioni wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanakaa nje ya nyumba yangu na telefone moja kwa watu watatu, wanasoma.

Mchango wenu unafanya kazi, ila si ile niliyoahidi. Kwa Kalemie napendekeza tutume nakala kwa flashi na kununua Raspberry Pi ya pili ikae kule. Mkikubali, ntaleta hesabu kwenye mkutano.