Vali ya Kuchanganya Maji Ifichwapo Ukutani

Maji yenye joto la nyuzi 60 za Sentigredi huunguza vibaya ngozi ya mtu mzima kwa muda wa sekunde 5 hivi. Mtoto huungua upesi zaidi. Hata hivyo haifai kuyaweka maji ya tangi yakiwa vuguvugu, kwani bakteria wa Legionella hustawi kati ya nyuzi 20 na 45. Kwa hiyo maji huhifadhiwa yakiwa ya moto sana, kisha huchanganywa na ya baridi ndani ya vali kabla ya kufika kwenye bomba la mvua.

Hesabu yake ni nyepesi. Ikiwa maji ya moto yana nyuzi 60 na ya baridi 25, nayo yatakiwa yawe ya nyuzi 40, basi sehemu 3 za moto zahitaji sehemu 4 za baridi. Sehemu 3 zikishuka nyuzi 20 hupoteza joto lile lile lipokewalo na sehemu 4 zikipanda nyuzi 15. Ugumu ni kuudumisha uwiano huo. Mtu afunguapo bomba la jikoni, shinikizo la maji ya baridi hupungua, na anayeoga hushtukia maji makali. Vali iliyo bora ina kidonge cha nta: joto likizidi, nta hutanuka na kuisukuma pistoni, nayo huubana mlango wa maji ya moto. Maji ya baridi yakikatika kabisa, mlango huo hufungwa.

Kuificha vali hiyo ukutani hupendeza macho, lakini kosa likigunduliwa baadaye sharti vigae vivunjwe. Kosa la mara kwa mara ni la kina. Kina hupimwa kutoka uso wa vigae ambavyo bado havijabandikwa, si kutoka uso wa matofali. Kwa mfano, lipu ya milimita 15, saruji ya kubandikia ya milimita 5 na kigae cha milimita 8 hufanya milimita 28. Fundi akizisahau, vali huzama na mpini haushiki. Akizidisha, kifuniko hakiugusi ukuta.

Tangi lililo mita 3 juu ya bomba hutoa shinikizo la kilopaskali 30 tu. Endapo maji ya moto yatoka humo na ya baridi yatoka moja kwa moja katika bomba kuu la mtaa, ya baridi huweza kurudi nyuma katika njia ya moto. Afadhali yote mawili yatoke katika tangi moja, na kila njia iwe na vali ya kuzuia maji kurudi. Kwa desturi bomba la moto huingia kushoto. Yakibadilishana, nta haitamlinda mtu.

Mabomba husafishwa kwanza kwa maji mengi, maana chembe moja ya mchanga yatosha kuikwamisha pistoni. Kisha ncha huzibwa, na mfumo hujaribiwa kwa shinikizo la mara moja na nusu ya lile la kawaida, viungo vyote vikiwa wazi. Lipu hupakwa baada ya hapo.