Mtoto wa Askari na Lugha Ngeni ya Darasani

Askari apatapo uhamisho, jamaa yake humfuata, na watoto huingia shule mpya. Wazazi huangalia sare na madaftari, lakini ni wachache wakumbukao kuuliza: je, huko husomeshwa kwa lugha gani?

Mtaala wa Uganda ulioanza mwaka 2007 waelekeza kwamba katika darasa la kwanza hadi la tatu mtoto asomeshwe kwa lugha ya mahali, na Kiingereza kiwe somo. Kuanzia darasa la nne ndipo Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia. Mpango huo wamfaa mtoto akaaye alikozaliwa. Bali aliyekulia Gulu akisema Kiacholi, akihamia Masaka, hukikuta Kiganda na Kiingereza, na vyote ni vigeni kwake.

Nilipokuwa nikisomesha, nilimpokea binti mmoja wa namna hiyo. Kwa miezi miwili hakutamka neno, nami nikaandika katika ripoti yake kwamba ni mzito wa kufahamu. Siku moja alijikojolea dawatini, kwa kuwa hakujua kuomba ruhusa. Mama yake alipokuja, alinieleza kwamba nyumbani binti huyo husimulia hadithi, na akitumwa dukani huhesabu chenji pasipo kukosea. Niliona haya. Aliyekosa kufahamu nilikuwa mimi.

Wazazi wenzangu, ukimya wa miezi ya mwanzo si ujinga. Mtoto angali akisikiliza. Mtaalamu Jim Cummins wa Kanada alionyesha kwamba lugha ya michezo na mazungumzo huja kwa muda wa miaka miwili hivi, lakini lugha ya masomo huhitaji miaka mitano au zaidi. Basi tusiharakishe kumwita mtoto mjinga, wala tusimchape.

Yafaa tufanye haya. Kwanza, kabla ya siku ya kuingia shule, mtoto afundishwe maneno ya haja: maji, chooni, naumwa, sijaelewa. Pili, mzazi aonane na mwalimu mapema, amwombe mtoto aketi karibu na mwenzake ajuaye lugha zote mbili. Tatu, lugha ya mama isiachwe nyumbani. Ajuaye kuhesabu kwa Kiacholi hahitaji kujifunza hesabu upya, ila majina ya tarakimu tu.

Nne, Kiswahili cha kambini ni msaada mkubwa. Kiacholi na Kiganda si jamaa, lakini Kiswahili na Kiganda ni ndugu: maji ni amazzi, mti ni omuti, nyumba ni ennyumba, tatu ni ssatu. Jioni, baada ya chakula, mzazi na mtoto watafute maneno kama hayo pamoja.

Nanyi walimu, kabla ya kuandika ripoti ya mtoto aliye kimya, mwiteni kwanza mzazi wake, mkamwulize mtoto huyo husema nini nyumbani.