Je, Wajua? Edonga, Maksai na Mawe Yaliyocheza

Je, wajua kwamba edonga ya Waturkana huchezwa bila ngoma ya kuwambwa? Ni makofi, sauti, na visigino vinavyotua mchangani kwa pamoja. Duara likishapangwa, wanaume huruka wima, mikono juu mithili ya pembe, na wasichana waliojaza shanga shingoni huwaitikia.

Pembe hizo zina mwenyewe. Zamani kila mwanamume alikuwa na maksai wake kipenzi, amemfunga kengele na kumtungia wimbo wa sifa. Rangi ya mnyama ikawa jina la mtu: mwenye maksai mweupe akaitwa Apalokwang.

Huku ufukweni mwa Ziwa Turkana, toka Kalokol hadi Lowarengak na Todonyang, na bara kuelekea Kakuma, kalenda ya sherehe ilikuwa mvua. Wakati wa kiangazi, akamu, mifugo ilitawanyika na watu nayo. Akiporo, yaani majira ya mvua, ilipofika, majani yakaota, maziwa yakapatikana, maboma yakasogeleana, na hapo ndipo watu walicheza, wakachumbiana na kuoa. Tangu 2014 kuna tamasha la Tobong'u Lore mjini Lodwar, na edonga imepata jukwaa na vipaza sauti. Tarehe hupangwa ofisini, mvua haiulizwi.

Je, wajua kwamba Waturkana hawana jando la kutahiri? Kijana aliingia utu uzima kwa asapan: alimchoma mnyama dume kwa mkuki, kisha mzee akampaka majani mabichi yaliyotoka tumboni mwa mnyama huyo. Kila mwanamume huzaliwa akiwa Ngimoru, yaani Mawe, au Ngirisai, yaani Chui, na mtoto hafuati upande wa baba yake. Baba akiwa Mawe, mwana ni Chui, mjukuu anarudi Mawe. Kwenye karamu ya nyama, basi, kijana hula na kundi la babu yake huku baba ameketi upande wa pili. Mpango wa busara, ukiniuliza: babu hana haraka ya kumkosoa mtu.

Watoto nao walikuwa na mali zao. Wavulana walipanga kokoto ziwe ng'ombe na kuzijengea zizi. Wasichana walibeba mwanasesere wa koma, lile tunda gumu la mkoma, mti uliojaa kando ya mto Turkwel. Tunda lilivishwa ngozi na kutundikwa shanga, likawa mtoto kamili.

Je, wajua kwamba karibu na Kalokol wapo wachezaji walioganda? Ndivyo wenyeji wanavyosimulia kuhusu Namoratunga, nguzo 19 za mawe: watu walikuwa wakicheza, wakamcheka mgeni wasiyepaswa kumcheka, wakageuka mawe. Mpita njia huweka kijiwe juu ya nguzo ndipo aendelee na safari. Mwaka 1978 watafiti wawili walidai kwamba nguzo zimeelekezwa kwenye nyota. Wengine walipopima upya, hawakuridhika.

Uchimbaji wa Lothagam, eneo jingine la nguzo upande huohuo wa ziwa, ulionyesha kwamba wafugaji wa kwanza wa Turkana walizika hapo watu wasiopungua 580, yapata miaka 5,000 iliyopita. Wengi walizikwa na mapambo yao. Mmoja alivikwa kichwani pambo la meno 405 ya panya wadogo wa jangwani, ambalo liligharimu panya wasiopungua 113.